Samadi ya Korongoni

Kwi, kwi, kwi. Nilikuwa bado kitandani nilipolisikia gurudumu likilia nyuma ya zizi la mbuzi. Nilipochungulia dirishani nikamwona jirani yetu, mama wa bara aliyepata shamba upande wa juu wa bwawa, akisukuma wilbaro tupu kuelekea kwetu.

Nikaogopa. Tangu maji ya bwawa yageuke kijani kizito, kama mchicha uliopondwa, mama yangu alikuwa hamjibu salamu ila kwa nusu mdomo. Mbuzi walikuwa wakiyanusa maji, kisha wanageuka. Mama aliamini kuwa ni mbolea ya mahindi ya yule jirani iliyoteremka na mvua. Alikwisha kusema kuwa maji yasipotakata, mbuzi wake, kizazi cha wale aliokuja nao alipoolewa, atawapeleka kwa kaka yake huko Jego. Alilisema hilo mara moja tu, akaingia ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu, ufagio mkononi.

Jirani akaomba samadi. Mama akacheka kidogo, akamuuliza kama huko bara watu hula mavi ya mbuzi. Kwetu samadi haikuwa kitu cha kutia kwenye shamba la chakula. Tulilifagia zizi, tukaimwaga kwenye ukingo wa korongo, tukamshukuru Mungu mvua ilipoizoa. Nami niliimwaga miaka yote ya utoto wangu, wala sikuwahi kujiuliza korongo lile linaishia wapi.

Jirani hakubishana. Alinyoosha kidole tu: lundo, korongo, bwawa.

Mama akakifuata kidole kwa macho hadi bwawani. "Kumbe ni mimi ninayewanywesha wanangu mavi yao."

"Tuko wawili, mama. Mimi nami nilimwaga mbolea mawingu yakiwa yametanda. Yote ilienda na maji."

Siku ile tulisomba hadi adhuhuri. Samadi tuliifukia mashambani, kwake na kwetu, mbali na korongo. Yeye akaacha kuweka mbolea mvua ikikaribia. Ukingoni mwa bwawa tukapanda nyasi za nepia ziyachuje maji. Mvua ya kwanza haikubadili kitu, na mama akaanza tena kuitaja Jego. Ya pili ikapunguza ule ukijani. Baada ya ya tatu, beberu mzee, mwenye maringo kuliko wote, aliinama akanywa, akanywa tena. Mama alikaa chini palepale kwenye matope, akasema alhamdulillahi.

Jumapili jirani alipopita akitoka kanisani, mama alimpa chai, kisha akamtolea mbuzi mtamba mweupe aliyekwisha kuachishwa kunyonya. Jirani akasema zawadi hiyo ni kubwa mno.

"Mchukue. Angekuwa Jego huyu."

Akaondoka akimvuta kwa kamba, na mama akaufunga upesi mlango wa zizi nyuma yao, mama mbuzi asimfuate mwanawe.