Kamongo wa Nyanzala

Mnisamehe mwandiko na makosa. Niliishia darasa la saba na huandika polepole. Juzi, sokoni Pasiansi, niliona kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni, ndani ya beseni akitoa pua juu ya maji, nikamkumbuka Nyanzala, tuliyekaa naye dawati moja.

Siku tuliyofundishwa kwamba samaki hupumua ndani ya maji, alimleta kamongo mzima kwenye ndoo inayonuka tope.

“Huyu huvuta hewa kama sisi, mwalimu. Akizuiwa kuja juu, atakufa.”

“Binti wa mvuvi leo ananifundisha mimi!”

Tulicheka sana. Mwalimu akaniamuru nimfunike kamongo kwa tenga dogo ndani ya maji ya ndoo, niweke na jiwe juu ya tenga. Nilimsikia akigonga tenga, nikadhani anacheza. Tukaenda kupalilia pamba katika shamba la ujamaa.

Tuliporudi mchana kamongo alikuwa amekufa.

“Umemtilia sumu ili unishinde,” mwalimu alimwambia Nyanzala. Akanigeukia mimi. “Ulimwona akitia kitu?”

Nyanzala alinitazama.

“Ndiyo, mwalimu,” nilisema.

Alichapwa fimbo sita mbele yetu, na hakurudi shule tena. Msomaji unayejua alikoolewa, tafadhali niandikie, hata mstari mmoja.