Mawe ya Jirani Yangu

Nilienda tena kwa jirani yangu, pale kijijini Nyakiriba, kumuuliza mwili wa kaka yangu ulitupwa wapi. Nilimkuta shambani na redio. Redio ilikuwa ikisema chombo kimetua kwenye sayari ya Mirihi, na kigari chake kidogo kinagusa mawe na kujua yana nini ndani.

"Mama, sikia akili ya Wazungu!" alisema akicheka. "Wanajua mpaka ndani ya jiwe!"

Huyo ndiye aliyemtoa kaka yangu nyumbani kwangu wakati wa mauaji ya kimbari, yeye na konseye, kiongozi wa sekta yetu. Niliwaona kwa macho yangu. Konseye amebaki Kongo. Huyu alirudi kutoka kambi za wakimbizi za Goma, akaapa kwamba hajui kitu.

Kwenye kona ya shamba lake kulikuwa na rundo la mawe meusi ya volkano.

"Bon, sawa," nikamwambia, "huko juu wanauliza jiwe, linajibu. Na haya yako?"

"Ni mawe tu, mama. Shamba iko na mawe mingi."

"Mbona kabla ya mauaji ulikuwa unapanda maharage hapo?"

Nikainama, nikatoa jiwe la kwanza. Nyuma yangu nikamsikia anaongeza sauti ya redio.