Taa ya Upande wa Kushoto

Nyumba ya Marsela pale Kibaoni ilikuwa na swichi mbili ukutani, na kwa miaka minne swichi hizo hazikuwasha kitu chochote. Mgeni akiibonyeza mojawapo, tak, kisha akatazama juu kwenye paa, Marsela humwambia, "Zinasubiri," na kumsogezea kigoda.

Aliyezifunga alikuwa mumewe, Thadei, mwaka 1992, kabla kuta hazijapigwa lipu. Thadei hakuwa fundi umeme. Alikuwa mkulima wa mpunga aliyekaa mwezi mzima Mpanda mjini akimsaidia mjomba wake kufunga nyaya kwenye nyumba za watu, akarudi na mabaki ya waya na mipango mingi. Watanunua betri ya gari, alisema, wataichaji kwenye mashine ya kusaga, na nyumba itawaka. Siku ya kutafuta mahali pa taa ya chumba cha kushonea alimkalisha Marsela kwenye cherehani, akashika koroboi juu ya kichwa chake na kuizungusha huku na huku.

"Kivuli cha mkono wako kiko wapi?"

"Juu ya sindano."

"Na sasa?"

"Bado. We baba, nimechoka kukaa kama bibi harusi anayepigwa picha!"

Akaisogeza kushoto. Kivuli kikatoka kwenye kitambaa, naye akapigilia msumari papo hapo.

Mwaka uliofuata aliondoka kwenda Chunya kutafuta dhahabu, msimu mmoja tu. Zilikuja barua mbili. Ya tatu Marsela bado aliiulizia kwenye kila lori lililosimama sokoni.

Baada ya mavuno ya 1996 alibadilisha magunia ya mpunga kwa betri iliyotumika. Obadia, mdogo wake Thadei, aliibeba kwa baiskeli, wakafunga nyaya na balbu ndogo za gari. Sebule ikawaka mara moja. Chumba cha kushonea, kimya. Wakabadilisha balbu, ile ile iliyokataa kule ikawaka sebuleni.

"Shemeji, waya wa ndani umekufa," Obadia alisema. "Tupitishe mwingine juu ya ukuta. Misumari kumi tu, jioni unashona."

"Na huu wa kaka yako?"

"Ukae humo humo. Kwani unakula ugali?"

Marsela hakucheka. Taa aliyoitaka ni ile aliyopimiwa yeye, ipite kwenye waya ule ule.

"Nipe leo nzima," alisema. "Nikishindwa, lete misumari yako."

Alichomoa betri kwanza. Akachukua betri mbili za redio na balbu ya tochi. Kule kwenye taa alizisokota pamoja ncha za nyaya mbili. Huku kwenye swichi akaunganisha zile betri na balbu yake. Kama njia ni nzima, balbu ingewaka. Haikuwaka. Ndipo alipotazama vizuri: kwenye swichi waya mmoja ulikuwa mwekundu, lakini kule kwenye taa ulitokea mweusi. Mahali fulani ndani ya ukuta palikuwa na kiungo, nyaya mbili zilizounganishwa.

Wapi? Ukuta ulikuwa na urefu wa hatua saba. Kujua, ilimbidi akumbuke, na kukumbuka ndiko alikokuwa akikukwepa miaka yote. Alisimama katikati ya chumba, akamruhusu Thadei aingie: suruali iliyokunjwa, kisu mdomoni, waya umemwishia, naye anaulaani. Alikuwa amekaa. Juu ya nini? Juu ya kinu, kando ya fremu ya mlango, na Marsela alimgombeza kwa kukalia kinu cha watu.

Alichimba hapo kwa kisu cha jikoni, usawa wa bega la mtu aliyekaa. Kwenye tundu la ukubwa wa sahani kiungo kikatokea, kimeviringishwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na kufungwa mafundo matatu, kama Thadei alivyofunga magunia yake. Alipoinua ukingo wa mpira, shaba ilikuwa imeliwa, imebaki unga wa kijani. Lipu yao waliichanganya na mavi ya ng'ombe na majivu, kama kila nyumba ya pale, na tyubu haikuzuia unyevu wake.

"Lazima kukata," Obadia alisema taratibu.

"Naona."

Alipapasa fundo moja baada ya jingine. Mafundo yale yalikuwa ya vidole vya Thadei. Kisha akakata, akakwangua nyaya kwa wembe mpaka zikang'aa, akazisokota upya na kuzizungushia utepe wa plastiki wa mafundi. Obadia akarudisha betri. Marsela akabonyeza swichi.

Balbu ikawaka, nyekundu kwanza, halafu njano. Marsela akakaa kwenye cherehani, akanyoosha mkono chini ya sindano. Kitambaa kilikuwa cheupe chote, bila kivuli. Alikaa hivyo, mkono umenyooshwa, kama anasubiri mtu amuulize.

Obadia alitoka, akarudi na karai la udongo alioukanda. "Nizibe sasa, shemeji, kabla ya giza?"

"Kamwage."

"Na tundu? Mchwa wataingia."

"Nitalifagia kila asubuhi," Marsela alisema, akivuta shati la mteja karibu na taa. "Ukuta huu aliupiga lipu kaka yako. Aje auzibe mwenyewe."