Wake Watatu wa Baba Mkwe

Mpaka leo nikienda ukweni Muhuru Bay napitia njia ya nyuma, na aibu hiyo nilijitafutia mwenyewe: siku ya mazishi ya baba mkwe nilimwongezea wake wawili mbele ya umati, naye yuko ndani ya jeneza hawezi kujitetea.

Mimi ni mwalimu Homa Bay, na kile kijitabu cha mazishi chenye picha na historia ya marehemu nilijipa kazi ya kukiandika (mkwe lazima aonekane amefanya kitu). Mama mkwe akamsimulia mke wangu maisha ya mzee kwa simu, jioni tatu mfululizo, mke wangu akaninakilia kwenye karatasi. Sasa laptop yangu ikagoma, inadai leseni, ndipo rafiki yangu Odhiambo akanipa flashi yenye programu ya kuandikia aliyoitoa anakojua mwenyewe. "Omera, ndugu yangu, hii ni portable, haitaki ku-install. Chomeka tu upige kazi."

Nikachomeka. Nikahamishia humo na kufungua kijitabu cha zamani nilichomwandikia mzee mmoja wa Takawiri (sote hufanya hivyo, msinikodolee macho), nikafuta maisha yake, nikaandika ya baba mkwe, programu ikasema imehifadhi, nikachomoa flashi nikaipeleka kuchapishwa pamoja na jalada, ambalo nilikuwa nimelitengeneza kando. Boksi lilipokuja nikaona jalada limetoka safi, mzee anatabasamu, sikufunua ndani. Kumbe ile programu haikuwa imehifadhi hata neno.

Basi shemeji yangu mkubwa akasimama kusoma. "Marehemu alibahatika kuoa wake watatu," akasema, akarudi kwenye jalada kuangalia picha, na watu wote wakageuza vijitabu vyao kuangalia pia. Baba mkwe alikuwa Msabato, mzee wa kanisa, mke mmoja maisha yake yote; wale watatu walikuwa wa yule mzee wa Takawiri. Pasta akakiweka chake chini ya Biblia taratibu. Kaburi lilikuwa wazi pale karibu, na kusema kweli nililitamani.

Kwetu mkwe hata kukaa karibu na mama mkwe hakai, sembuse kumwaibisha siku anamzika mumewe. Mama mkwe akaomba maikrofoni.

"Nimeishi na huyu mzee miaka arobaini, peke yangu," akasema kwa upole. "Hao wawili kama wako hapa wasimame, kuna mahindi ya kupalilia." Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, kisha akauliza, "Sasa historia yake mwenyewe iko wapi?"

Haikuwepo. Ile karatasi ya mke wangu nilishaitupa.

Siku hizi nina programu ya halali, na kitu cha watu sikitoi mkononi kabla ya kukifungua na kukisoma chote. Lakini siku ile mama alisimulia upya, amesimama juani bila karatasi, na alipofika kwenye jina la kijiji walikokutana likampotea, akageuka huku na huku akilitafuta. Nililijua, nilikuwa nimeliandika mwenyewe. Nilikaa nimeinamisha kichwa, sikuthubutu kumsaidia.