Kijana Aliyemwita Mama Yake Kizee

Jumamosi nilikuwa kwa fundi cherehani mmoja wa Satwa, hapa Dubai, nikingoja kanzu yangu. Akaingia mama wa Kiserbia na mwanawe mwenye ndevu changa, na nyuma yao dada wa Kiganda anayewafanyia kazi za nyumbani. Mama alipokawia kuchagua vifungo, kijana akasema, "Matora, yalla."

Dada akaninong'oneza, "Hiyo lugha yao ya mtaani, kaka. Amemwita mama yake kizee, eti afanye haraka."

Nilishtuka, nikasema astaghfirullah kwa sauti. Nakiri, mkono uliniwasha. Dada naye hakuvumilia, akamnyooshea kijana kidole. "Huyo amekuzaa. Mwombe radhi."

Kwa madam mwingine, kama waajiri wanawake wanavyoitwa hapa mjini, hilo lingetosha kumkatia dada tikiti ya kurudi kwao Entebbe.

Madam akacheka. "Mwache. Kwetu watoto humwita hivyo mama wanayempenda. Kinachoniuma ni wewe. Miaka yote hii unaniita madam tu. Huna jina jingine la kuniita?"

Dada akatazama chini. "Madam, yeye akikuita kizee, jioni anakula mezani kwako. Mimi nikikuita hivyo, nitalala wapi?"

Kicheko kikamkatika madam. Akarudi kwenye vifungo, asichague hata kimoja.

Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshatunga mahubiri kuhusu watoto wasio na adabu niwaandikie hapa. Nimeyaacha. Tangu siku ile nikisikia mtu anasema "madam" kwa upole, sijui tena kama nasikia adabu au woga.