Nilimtania babu kwamba radi ya volkano ni yake, na hadi leo Katuba wanaamini

Wakuu, salamu kwenu. Natokea Lubumbashi, Congo, kwa hiyo Kiswahili changu kikipinda mahali mnivumilie. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Natamani yangekuwa ya kutunga, ila ndiyo hivyo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari. Lishikeni hilo, mtaona mbele kwa nini aibu yangu ni mara mbili.

Nina babu mzaa baba. Huku tunasema nkambo. Asili yetu ni Pweto, ila yeye alikuja mjini akafanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na sasa anakaa mtaa wa Katuba. Starehe yake ni redio. Ameifungia waya mrefu mpaka juu ya bati ili ishike stesheni za mbali, na ukimgusia ule waya atakueleza mpaka usinzie.

Kwetu mjukuu na babu ni watani. Si ruhusa tu, ni wajibu kabisa.

Yeye ananiita "bibi yangu", yaani mke wake. Mimi namwita "bwana yangu". Nikimkuta anakula, namuuliza hayo meno ameazima kwa nani. Akinikuta nimependeza, anauliza nimempata wapi mwanaume kipofu. Sheria ni kwamba ukirushiwa utani hukasiriki wala hukanushi. Unaukubali, halafu unarudisha mkubwa zaidi. Anayekanusha ndiye aliyeshindwa, na nkambo wangu hajawahi kushindwa.

Sasa kuna Fidèle, mtoto wa marehemu baba yangu mdogo. Anafanya kazi Goma. Alipopata mtoto wake wa kwanza wa kiume, nkambo alitegemea mtoto apewe jina lake. Fidèle akampa jina la mkwewe. Mzee alinuna, akasema mbele ya watu wote, "Utaona." Basi, mzee kanuna. Mimi nilicheka nikasahau.

Kumbe wengine hawakusahau.

Mlima wa Goma ukalipuka Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi simu ya Fidèle haipatikani. Mama yake, Mama Julienne, alikuwa anapiga na kupiga, grupu ya familia kwenye WhatsApp imejaa sala na vilio.

Katikati ya hayo nikaona video kwenye status ya mtu.

Wakuu, ile video! Nguzo ya majivu imesimama juu ya mlima, nyeusi, inafura na kujikunja bila kuisha. Na ndani ya lile wingu radi zinakimbia. Haziji kutoka mbinguni. Zinazaliwa humo humo kwenye moshi, za zambarau, zinatawanyika kama mizizi, zinazima, zinawaka upande mwingine. Niliirudia mpaka chai ikapoa. Nasema ukweli, nilifurahi. Ndugu yangu hapatikani, na mimi nafurahia radi.

Na ninajua inavyotokea, maana nafundisha. Chembe za majivu zinapopanda kwa kasi zinasuguana, zinajaa umeme, na umeme ukizidi unaruka. Wanafunzi nawaambia wakumbuke sweta ya nailoni wakati wa baridi, unavyoivua inatoa cheche. Nilijua pia kwamba mlima wa Goma kawaida yake ni kumwaga lava nyepesi inayotiririka, si kusimamisha majivu namna ile. Yaani nilishashuku kwamba ile video ni ya mlima mwingine, nchi nyingine.

Ningeandika hayo mistari miwili tu, Mama Julienne angepumua.

Mimi nikaituma kwenye grupu na kuandika: "Goma leo. Bwana yangu, hii radi si ndiyo ya kwako?" Na vikatuni vya kucheka.

Lazima niwaeleze kitu. Huku Katanga radi haipigi hivi hivi. Ikimpiga mtu, swali la kwanza ni nani ameituma. Wazee wamefukuzwa kwao kwa swali hilo, na wengine wamechomewa nyumba. Nilijua hayo pia. Ila kati ya mjukuu na nkambo, utani wowote unapita.

Nkambo akajibu kwa sauti, na kicheko ndani: "Ee, bibi yangu, ni ya mimi. Nilituma na treni ya express. Na ya kwako iko mu njia, ngojea tu."

Nilicheka mpaka machozi. Nikavaa, nikaenda misa.

Nilipokuwa kanisani, mtu wa familia, sijui nani na sitaki kujua, aliichukua video na ile sauti akazituma nje ya grupu. Maneno yangu hayakwenda. Ilienda radi, ikafuata sauti ya mzee akisema ni yake. Zikafika kwenye grupu ya sala ya Mama Julienne.

Baada ya misa nilipitia Katuba kula na nkambo kama kawaida. Nikakuta uwanja wa nyumba yake umejaa watu.

Mama Julienne alikuwa mbele, kitambaa kimemtoka kichwani, simu mkononi. Akaifungulia ile sauti.

"Baba, hii sauti iko ya nani?"

"Iko yangu," nkambo akasema. Alikuwa bado anatabasamu, maskini. Alidhani utani umeongezewa watu.

"Njo maana ulisemaka 'utaona'! Rudisha ile radi, baba! Mutoto wangu iko kule!"

Hakuna aliyecheka. Nikaona tabasamu linamfutika mzee taratibu. Akageuza macho, akaniona langoni.

"Bibi yangu," akasema, "ubaambie."

Kazi yangu ilikuwa kusema tu kwamba mimi ndiye niliyeanza, na ujumbe uko hapa kwenye simu yangu, someni. Lakini mle uwanjani walikuwemo wazazi wa wanafunzi wangu. Walikuwemo vijana wenye hasira. Niliogopa wakigeuka wanigeukie mimi, niliona pia aibu kwamba mwalimu mzima nimecheza na jambo kama lile.

Nikasema: "Nkambo, omba tu musamaha, biishe."

Sikumwita hata "bwana yangu". Nilisema nkambo.

Aliniangalia kidogo. Kisha akavua kofia, akawaomba msamaha. Mzee wa watu aliomba msamaha kwa radi ambayo haikuwepo.

Haikuisha. Kijana mmoja akavuta waya kutoka kwenye bati, akasema hii ndiyo anaitia nayo radi. Redio ikapigwa chini. Nkambo aliokota vipande akaviweka kwenye kofia.

Hapo hapo simu ya Mama Julienne ikaita. Fidèle!

"Mama, tuko bazima. Tulikimbia na miguu mpaka Sake. Mutoto iko muzima."

"Na radi?"

"Radi gani? Kulikuwa tu moto, mbingu yote nyekundu. Radi hatukuona."

Mama Julienne alikaa chini akalia kwa furaha, na mimi nililia. Nikawaza, sasa wamejionea kwamba mzee hana kosa.

Mwanamke mmoja wa ile grupu ya sala akainua mikono: "Munaona? Ameomba musamaha, radi imerudi!"

Watu wakaitikia amina. Wakaondoka wakiimba.

Wakuu, ushauri wangu ndio uliomfunga. Kabla ya pale walikuwa na sauti tu, baadaye wakawa na ushahidi.

Jioni hiyo niliandika yote kwenye grupu, mwanzo hadi mwisho, sweta ya nailoni na kila kitu. Nikapata vidole gumba. Shangazi mmoja akajibu: "Tumeelewa, majivu inasuguana. Lakini nani aliisukuma?" Na maelezo yangu hakuna aliyeyapeleka popote. Nilizunguka baadhi ya nyumba kwa miguu kueleza. Wananisikiliza kwa adabu, wananipa kiti, halafu watoto wao bado wanakatazwa kupita mbele ya mlango wa mzee.

Nilichojifunza ni kwamba utani una watu wake na mahali pake. Ukiutoa nje hauna mwenyewe tena. Na ukiwa na ukweli mdomoni wakati mtu anauhitaji, kuutoa kesho yake ni kujifariji tu.

Jumapili iliyofuata nilirudi kwa nkambo. Nikasimama mlangoni, nikamrushia kama zamani: "Bwana yangu, nani amekuazima hilo shati?"

Akasimama. Akafuta kiti kwa mkono, akakisogeza kwangu nikae.

"Bonjour, Madame. Ikala."

Mpaka leo ananiita Madame. Ananiuliza habari za shule, ananisindikiza mpaka barabarani, adabu tupu. Hajawahi kunitania tena hata neno moja.

Kwa hiyo wenye babu watani, nisaidieni: mtu anarudishwaje kwenye utani? Na mnaotaka kunitukana, uwanja ni wenu, nitasoma yote. Ningefurahi tu kama matusi hayo yangetoka kwake.