Ufa wa Fundi Kioo

Watu wa mtaa walimwita Kioo, na jina hilo hakupewa bure: mbele ya lipu aliyoipiga yeye ungeweza kuchana nywele. Alishika mwiko kabla hajaota ndevu, na ufa kwake ulikuwa kama tusi la nguoni. Hata msibani, wenzake wakiinamisha vichwa, macho yake yalitambaa ukutani.

Sasa bintiye, mtafiti wa vifaa vya ujenzi, akaja kujenga ukuta mfupi mbele ya nyumba ya baba yake, kando ya barabara, kisha akaupasua makusudi.

"Baba, usiuguse. Wewe umwagilie maji kila asubuhi, basi. Ndani ya saruji hii kuna vijidudu vimelala. Maji yakiingia ufani vinaamka, vinatoa chokaa, ufa unajiziba. Kuta nyingine zote tumezijaribu chini ya paa. Huu ndio pekee unaopigwa jua na mvua. Huu ukiharibika, kazi yangu yote imekwenda na maji."

"Nimesikia, mama. Maji tu."

Akamwagilia. Ufa ukabaki vilevile, umekenua meno. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mtani wake wa siku zote, hakumwacha apumue.

"Kioo! Hata kwako kumepasuka?"

"Huo unajiponya wenyewe."

"Loo! Mganga hajigangi, sembuse ukuta! Sema macho yamekwisha, tukutafutie kijana akupigie lipu."

Wapita njia wakacheka. Mzee akacheka nao, lakini neno lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alfajiri moja mkono ukaitangulia akili: akakoroga saruji kidogo, akaupaka ule ufa, akausugua kwa sponji mpaka ukapotea. Siku hiyo alikula akashiba.

Binti alipokuja alipitisha kidole ukutani, akapiga kigelegele. "Baba! Ufa umejifunga!" Akamkumbatia, akatoa simu awaite wakubwa wake.

Mzee akaitazama ile simu. Angenyamaza, nani angejua? Lakini nyumba za watu zingesimama juu ya uongo wa mwiko wake.

"Kata hiyo simu, mama."

"Kwa nini?"

"Huo ni mkono wangu."

Simu ikashuka taratibu. Binti akautazama ukuta, akamtazama baba yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kabla hujapaka, ndani palikuwa na weupe wa chokaa? Hata kidogo?"

"Sijui, mwanangu. Sikuangalia. Niliona ufa tu."

Binti akachutama, akakwaruza kwa msumari. Lipu ya Kioo ilikwisha kushika. Lililotoka ni vumbi tu, la vijidudu lipi, la baba lipi, hakuna wa kujua. Akaondoka bila kuaga, yeye ambaye huaga hata akienda dukani.

Kesho yake fundi viatu akapaza sauti, "Haya sasa! Kioo ni Kioo, bwana! Hata unywele haupiti!"

Zamani angevimba kichwa. Safari hii alijaza ndoo, akaumwagilia maji ule ukuta laini kama alivyoagizwa, wala hakugeuka.